Skrini Sita kwa Jina Langu

Machi 28

Dada yangu, nisamehe nimekawia. Daftari hili ulinitilia mkobani siku tuliyoagana, ukaniambia niandike siku kwa siku, likijaa nikutumie ulisome kama vile tumekaa jikoni. Mwezi mzima umepita na kurasa bado nyeupe. Si uvivu. Kila nikishika kalamu, umeme unakatika, na umeme ukikatika mimi natakiwa mbio.

Nikueleze vizuri ujue nilipo. Shemeji, kaka yake marehemu mume wangu, ndiye meneja wa hapa. Ni mahali pa kutotolesha vifaranga. Mayai yanaingia kwa trei, yanakaa kwenye makabati makubwa yenye joto, yakitimiza siku zake vifaranga vinatoka. Makabati ni sita. Yanaongozwa na kompyuta moja kuukuu isiyo na picha wala kipanya, kioo cheusi na maandishi meupe tu. Kioo ni kimoja lakini ndani yake mna skrini sita. Ukishika Alt na F1 unaona ya kwanza, Alt na F2 ya pili, hivyo hivyo mpaka ya sita. Kila kabati na skrini yake.

Betri ya kompyuta ilishakufa. Umeme ukikatika, jenereta inapowaka kompyuta inaamka kama mtu aliyezimia, haijui chochote. Skrini zote sita zinauliza jina na nywila. Mpaka mtu aandike jina, aandike nywila, aite programu ya kabati lile, kisha aende skrini inayofuata, mayai yanapoa. Mtu huyo ni mimi. Kwa kazi hiyo nimepewa chumba kilichopakana na chumba cha kompyuta, na mwanangu nalala naye humo.

Mama mkwe anamtaka mtoto. Anasema damu yao haiwezi kulelewa baina ya makabati. Shemeji amemwambia mtoto atabaki nami maadamu kazi haiharibiki. Sasa unajua kwa nini nakimbia.

Machi 30

Umeme umekatika mara nne. Sina la kuandika.

Aprili 2

Leo nimesaidia mezani kwa Bi Macho, mwanamke anayechagua vifaranga. Wanamwita hivyo kwa sababu hufungua bawa la kifaranga, akatazama manyoya, akajua jike au dume kabla hujapepesa. Majike kwenye boksi, madume kwenye pipa. Pipa likijaa linafunikwa. Niliuliza baada ya hapo inakuwaje, akasema, baada ya hapo hakuna kelele.

Mdomo wake ni pilipili. Alinitazama nikikimbilia kompyuta umeme uliporudi, nikirudi jasho linanitoka, akawaambia wafagiaji kwamba hapa kila kitu kinaatamia mayai, mimi tu ndiye ninayeatamia kompyuta, na tungoje tuone itatoa nini. Wakacheka mpaka mmoja akadondosha ufagio. Simpendi.

Aprili 5

Mvua haijaacha tangu asubuhi. Nilikuwa namwogesha mtoto kwenye beseni, sabuni kichwani, umeme ukaenda. Nikamfuta juu juu, nikamweka kitandani katikati ya mito miwili, nikatoka. Jenereta ikawaka. Skrini ya kwanza, jina, nywila, programu. Ya pili. Ya tatu vidole vilikuwa na sabuni, nywila ikakataa. Nikaandika tena, ikakataa. Mashine ile ukiikosea inakungojesha makusudi kabla haijauliza tena, nami namsikia mwanangu analia ng'ambo ya ukuta. Nikamaliza mpaka ya sita. Niliporudi nilimkuta chini kwenye saruji, hana nguo, mlango wazi, mvua inarushwa ndani. Alikuwa ameshaacha kulia. Ananitazama tu.

Makabati yote yalikuwa na joto lake sawasawa.

Aprili 6

Kikohozi kimeanza.

Aprili 8

Nilimwomba shemeji ruhusa ya asubuhi moja nimpeleke mtoto zahanati. Akauliza nani ataingia kwenye kompyuta. Nikasema yeye mwenyewe anayo nywila yake. Akanitazama kama niliyemwambia afue nepi. Akasema mtoto akishindwa hewa ya hapa, kwa bibi yake kuna hewa nzuri.

Hakusema kwa hasira, dada. Alikuwa anachonga penseli.

Aprili 10

Andika siku hii kwa wino mwekundu. Fundi alikuja kutengeneza feni ya kabati la nne. Huyu ni kijana mcheshi, hutembea na bisibisi nyuma ya sikio. Akanikuta naingia skrini moja moja, akasimama kuniangalia. Akanitania kwamba naongea na kompyuta kuliko na watu. Nikamwambia kompyuta angalau inaniuliza jina langu, hapa wengine wananiita wewe.

Akacheka, kisha akauliza kwa nini haijiingizi yenyewe. Nikamwambia sijui kama inaweza. Akavuta kiti. Kuna faili moja, kasema, inayoiambia kompyuta kwamba ikiamka, kwenye skrini fulani isiulize mtu, imwingize fulani moja kwa moja. Akaweka jina langu, skrini ya kwanza. Halafu kuna faili nyingine ndogo iliyo yangu, ambayo husomwa kila ninapoingia. Humo akaandika mstari mmoja wa kuwasha programu za makabati yote sita kwa mpigo. Hizo skrini nyingine tano akaziacha kama zilivyo, kwa sababu hazina kazi tena. Akanionyesha pia jinsi ya kuzisimamisha zote likitokea la kutokea: unashika vitufe viwili, basi.

Tukaizima, tukaiwasha. Nikakaa mikono kwapani. Jina langu likajiandika, programu zikaamka zenyewe, taa za makabati zikawaka moja baada ya nyingine mpaka mwisho wa ukumbi. Fundi akasema, "Haya mama, kanyonyeshe."

Nililia, lakini nje, kwenye mvua, asione.

Aprili 11

Umeme umekatika nikiwa nanyonyesha. Sikunyanyuka.

Aprili 12

Tumekwenda zahanati na kurudi. Kifua kimeingia baridi, daktari amesema, na vumbi la manyoya halimsaidii. Amenipa dawa ya maji. Umeme ulikatika nikiwa kwenye foleni, na hakuna aliyejua kwamba sikuwepo.

Aprili 13

Amelala mpaka alfajiri. Na mimi.

Aprili 17

Shemeji amegundua. Aliingia chumba cha kompyuta umeme unarudi, akaona skrini inajiingiza bila mtu, akaniita. Nilidhani atanitukana. Akafurahi. Akampigia fundi simu papo hapo kumsifu kwa ubunifu wake, na nikamsikia fundi upande wa pili akipokea sifa zote, hata chenji hakurudisha.

Kisha akaniambia kuanzia kesho nitakuwa mezani kwa Bi Macho kutwa nzima, maana sina tena kazi huku. Chumba nikae kwanza, tutaona. Hilo "tutaona" nimelala nalo.

Aprili 18

Shemeji hataki skrini tano zikae zimeduwaa zinauliza jina. Anataka tajiri, mwenye mali, akija azione zote sita zimewaka, kila moja inaonyesha makabati. Amemwita fundi. Fundi amekuja na mvua, ameondoka na mvua, hata bisibisi hakuishusha sikioni. Sasa skrini zote sita zinajiingiza, zote kwa jina langu. Hakuizima aijaribu, kasema umeme ukikatika tena tutaona zinavyopendeza.

Aprili 20

Nimefanya kosa la mazoea. Nilipita kumchukua mtoto, kioo kikawa kinawaka, nikashika Alt na F2 nione tu. Shemeji alikuwa nyuma yangu. Hakupaza sauti. Aliuondoa mkono wangu kwenye kibodi kwa vidole viwili, kama mtu anayetoa kunguni shukani.

"Ukigusa tena kibodi hii, utamwacha mtoto kwa mama, uende zako. Umenielewa, shemeji?"

Nikasema nimeelewa.

Aprili 22

Mvua. Umeme upo, ajabu. Bi Macho amenipa boksi zima nichague peke yangu, kisha akarudia kukagua akiwa ameweka kila kifaranga karibu na pua yake. Akasema nimekosea wawili. Nilimwona akikosea watatu. Sikusema.

Aprili 24

Dada, nataka uyajue ya leo kama yalivyokuwa.

Umeme ulikatika adhuhuri, mara ya kwanza tangu fundi aziweke skrini zote sita. Jenereta ikawaka. Mimi nilikuwa mezani. Mtoto akaanza kulia, Bi Macho akasema nikamfunge mdomo kabla hajamfunga yeye, nikaenda. Kwenda chumbani kwangu ni lazima upite ukumbi wa makabati. Kila kabati lina kipimajoto mlangoni. Inatakiwa thelathini na saba na kitu kidogo. Kabati la kwanza lilisoma thelathini na tisa. La pili vivyo hivyo. Nikamfunga mtoto mgongoni, nikarudi kutazama. Arobaini.

Nikaenda ofisini. Shemeji alikuwa anakula. Nikamweleza. Akauliza kama kompyuta imejiingiza. Nikasema imejiingiza, skrini zote. Akasema basi inajua inachokifanya kuliko mimi, joto hupanda kidogo baada ya kukatika, litashuka.

Nikarudi. Arobaini na moja. Kabati la sita ndilo lenye mayai ya siku ya mwisho, yale ambayo vifaranga vimeshaanza kutoboa ganda. Ukisimama karibu unavisikia vinaitana ndani, sauti nyembamba kama uzi. Leo vilikuwa vinapiga kelele.

Nikaenda ofisini mara ya pili. Safari hii hata kijiko hakukiweka chini.

"Shemeji, nilikwambia nini kuhusu kibodi?"

"Uliniambia nitamwacha mtoto."

"Basi."

Mlango wa chumba cha kompyuta haukuwa umefungwa. Hilo ndilo nataka ulijue. Ulikuwa umeegeshwa tu. Nilikuwa na uwezo wa kusukuma, kushika vitufe viwili kwenye kila skrini kama nilivyofundishwa, joto lingeshuka. Nilikaa kwenye kiti cha ukumbini, nikamshusha mtoto mgongoni nikampakata, nikashika mikono yake miwili ndani ya mikono yangu ili yangu isiende kokote. Alikuwa amelala, kifua kinapiga filimbi. Nikasikiliza filimbi ile, na upande wa pili nikasikiliza kabati la sita.

Walichukua muda mrefu kunyamaza. Hawakunyamaza pamoja. Mmoja alibaki peke yake anaita, akapumzika, akaita.

Sikuinuka, dada. Ningeulizwa sasa hivi ningekaa tena. Lakini usiniambie kwamba ni ndege tu.

Shemeji alikuja mwenyewe mwishowe, harufu ilipomfikia. Alipita mbele yangu anakimbia, akang'oa waya ukutani, akafungua makabati kwa mikono, mvuke ukamrudisha nyuma. Wote wakaja. Bi Macho akatoa yai moja kabati la sita, akalimenya, kifaranga kizima kimekunjwa humo, kimelowa. Akafungua bawa lake, akakisogeza puani. "Huyu jike," akasema, na akakiweka upande wa majike. Akachukua jingine.

Aprili 25

Tajiri amekuja. Ni mama wa makamo, sauti ndogo, viatu safi hata kwenye tope. Tukaitwa chumba cha kompyuta, shemeji, fundi, Bi Macho na mimi na mtoto wangu.

Shemeji akaeleza. Kwamba mimi nilikuwa mtumiaji wa kompyuta hii, kwamba alishanikataza kuigusa na nikarudia, kwamba jana niliingia tena nikavuruga. Alieleza polepole, kwa masikitiko, kama mtu anayeeleza hali ya mgonjwa. Tajiri akamgeukia fundi, akauliza kama kompyuta inaweza kuonyesha nani aliingia jana.

Fundi akaandika neno moja. Orodha ikatoka. Jina langu, skrini ya kwanza. Jina langu, skrini ya pili. Mpaka ya sita, zote adhuhuri, zote wakati mmoja.

Nikamtazama fundi. Yeye akawa anafuta kibodi kwa mkono wa shati. Tajiri akamuuliza maana yake nini. Akasema, "Mashine inaonyesha aliyeingia. Aliyeingia ni huyu."

Huyo ndiye niliyemlilia kwenye mvua kwa shukrani.

Sikupiga kelele. Ungejivunia, dada. Nikaenda nikasimama mlangoni kabisa, hatua zote hizo mbali na kibodi, nikampakata mtoto kwa mikono yote miwili mbele yao. Nikasema, "Fundi, izime. Kisha iwashe, ukae mbali nayo."

Akamtazama shemeji. Tajiri akasema, "Si umeambiwa uizime?"

Ikazimwa. Ikawashwa. Tukangoja wote, hata mtoto alitulia. Maandishi yakapita, yakasimama, na jina langu likajiandika. Tajiri akamwamuru fundi aonyeshe zilizobaki, akabonyeza moja moja. Ya pili, ya tatu. Jina langu mara sita, nami niko mlangoni nimepakata.

Ikabidi fundi aeleze, na aliyaeleza akiitazama sakafu. Ule mstari wa kuwasha makabati aliouweka kwenye faili yangu husomwa kila jina langu linapoingia. Skrini ilipokuwa moja, programu iliwaka mara moja. Alipoziweka skrini sita, alisahau kuandika kwamba mstari ule ni wa skrini ya kwanza tu. Zikawaka mara sita. Kila kabati likapata programu sita zinazoongoza moto mmoja, kila moja inadhani iko peke yake, kila moja ikaona mayai yamepoa, kila moja ikatia moto wake.

"Kwa hiyo si yeye," tajiri akasema.

"Si yeye."

"Na ukirekebisha hapo, kompyuta itafanya kazi bila mtu."

"Mstari mmoja tu, mama. Itafanya."

"Rekebisha." Kisha akanigeukia, akatabasamu, akamshika mtoto shavu. "Pole sana, mwanangu. Sasa hebu niambie, chumba kile cha pembeni unakaa kwa kazi gani?"

Kazi gani, dada? Nilikuwa nimeshathibitisha mwenyewe mbele ya watu kwamba mashine inakwenda bila mimi.

Shemeji hakufukuzwa. Fundi alibaki anarekebisha. Mimi niliambiwa niache ufunguo kwenye komeo.

Shemeji alinifuata kwenye korido. Akasema sasa sina pa kukaa, mama yake anakuja kesho kumchukua mtoto, nisifanye mambo kuwa magumu.

"Shemeji," nikamwambia, "ulisema nikigusa kibodi nitamwacha mtoto. Mayai yako yameiva mbele yangu na sikuigusa. Hata kwa kidole."

Nilidhani ameona haya. Kumbe alikuwa anatafuta neno jingine, na hakulipata kabla sijatoka getini.

Aprili 26

Niko kwa Bi Macho. Usifikiri alinihurumia. Alinikuta nimejibanza chini ya paa la duka, mtoto ndani ya kanga, akasimama na mwavuli wake akanitazama. Akasema, "Wewe umbeya wako uko wapi? Uliniona nikikosea watatu ukanyamaza." Kumbe alijua. Macho yamemfifia, yuko karibu kuachishwa, na kuna wafugaji wengine upande wa pili wa mji wanamwita kwenda kuchagua. Anahitaji macho ya mtu. Nitatazama mabawa, yeye atasema jike au dume kwa sauti yake ileile, watu waendelee kumwamini. Kwa hilo nalala kwenye sakafu yake. Anakoroma, na kila mtoto akikohoa anamwambia aache ujinga.

Aprili 29

Mama mkwe alifika hapa mlangoni akiwa na mwanamume aliyejiita mtu wa ustawi wa jamii. Nikamwomba kitambulisho, akasema amekisahau. Mama mkwe akasema mtoto ni wa mwanawe, na mimi hakuna karatasi inayosema nilimzaa. Bi Macho akatoka na maji ya kuoshea vyombo, akauliza nani kati yao alikuwa na kiu. Wakaondoka. Watarudi.

Mei 2

Fundi nimekutana naye sokoni. Akanisalimia kama hakuna kilichotokea, akanibebea na kifurushi. Kasema makabati yanakwenda vizuri. Nikamuuliza kompyuta inajiingiza kwa jina la nani siku hizi. Akasema bado langu, kulibadilisha ni usumbufu. Nikamnyang'anya kifurushi changu.

Mvua zinapungua. Mtoto anakohoa asubuhi tu sasa. Daftari limebaki kurasa mbili na dereva wa lori la chakula cha kuku anapita kwenu Alhamisi, kwa hiyo naishia hapa. Mpe yeye mwenyewe vitu hivi mkononi, usipitishe kwa mtu, na visipite wiki ijayo:

Sweta mbili za mtoto zenye mikono mirefu, za mwaka na nusu, asiletewe ndogo.

Chupa moja ya dawa ile ya maji ya kifua, jina nimeliandika nyuma ya jalada.

Nepi za kitambaa, zile za zamani za mwanao, hata zikiwa zimefifia.

Miwani ya kusomea ya marehemu mama, kama hukuigawa. Ni ya Bi Macho. Usiulize.

Blanketi zito moja.

Picha yoyote niliyopigwa hospitali nimempakata siku aliyozaliwa, ambayo sura yangu inaonekana.

Na cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kile chenyewe, si kivuli chake, chenye jina langu kwenye mstari wa mama. Hicho kikunje ndani ya sweta, ushone.